Wikiendi ya Muislamu: Tumepewa saa, si siku



Huku Kitanga, wilayani Kasulu, ninakofundisha dini, asubuhi ya Jumamosi haifanani na ya kwenu ninyi wa mjini. Huku kuna maharage ya kupalilia, maji ya kuteka na kuni za kutafuta. Lakini ikifika jioni tunafanana: mpira wa Uingereza, filamu na baraza la marafiki. Vijana huniuliza mara kwa mara, "Ustadhi, kutazama mpira ni haramu?" Naona tuanze na swali jingine: mapumziko yetu yanamnyima nani haki yake?

Kwanza, ieleweke kuwa Uislamu haukuweka siku ya kuacha kazi. Jumamosi na Jumapili ni mpango wa serikali, na mipango hiyo hubadilika hata katika nchi za Waislamu. Mwaka 2013, Saudi Arabia na Oman zilihamisha mapumziko kutoka Alhamisi na Ijumaa kwenda Ijumaa na Jumamosi. Januari 2022, serikali ya Umoja wa Falme za Kiarabu ikachukua Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ikawa nusu siku ya kazi. Hata Ijumaa yetu si sabato. Suratul Jumua inatuamuru tuache biashara inaponadiwa swala, na ikishaswaliwa tutawanyike tutafute fadhila za Allah (S.W.). Kilichowekwa ni saa. Kabla yake na baada yake una nafasi ya kazi, na una nafasi ya kupumzika.

Pili, burudani ya halali haikukatazwa. Mtume (s.a.w.) alimwachia Bibi Aisha (r.a.) awatazame Wahabeshi wakicheza kwa mikuki msikitini siku ya Idi. Alishindana naye mbio pia. Safari ya kwanza Bibi Aisha akashinda, safari nyingine akashinda Mtume. Lakini sura hiyo hiyo ya Jumua inamalizia kwa kuwakemea walioona biashara au mchezo wakaukimbilia, wakamwacha Mtume amesimama. Kosa lao lilikuwa kuondoka katika saa isiyokuwa ya mchezo.

Sasa tuuweke mpira wetu kwenye mizani hiyo. Mechi nyingi za Jumamosi Uingereza huanza saa tisa alasiri kwa saa za kule. Kuanzia Agosti hadi mwishoni mwa Oktoba, kwetu hiyo ni saa kumi na moja jioni. Alasiri imeshaingia, basi aswali kwanza, atazame, na filimbi ya mwisho itamkuta karibu na Magharibi. Wenzetu wa Uingereza wakirudisha saa zao nyuma, mechi hiyo hiyo kwetu huanza saa kumi na mbili. Hapo ndipo penye mtihani. Mkoa wa Kigoma uko magharibi kabisa mwa nchi, na jua la Kasulu huzama zaidi ya nusu saa baada ya kuzama Dar es Salaam. Mwezi Desemba, Magharibi huku huingia baada kidogo ya saa moja, kipindi cha pili kikiwa kinaanza. Kwenu Dar es Salaam huingia kabla ya mapumziko ya mechi. Na Magharibi ni swala yenye wakati mfupi. Anayesubiri dakika tisini ziishe, tena akabaki kubishana kuhusu penalti, anacheza na swala yake. Ainuke, aswali, arudi. Matokeo hayatabadilika kwa sababu yeye hakuwepo.

Filamu ni nyepesi zaidi, kwani iliyo kwenye simu au deki huweza kusimamishwa wakati wowote. Humo cha kuangalia zaidi ni kilichomo. Picha usiyoweza kuitazama ukiwa umekaa na mama yako au binti yako, usiitazame peke yako pia.

Tatu, na hili ndilo linalonisumbua zaidi, tujiulize nani hasa anayepumzika. Baba yuko barazani, kijana yuko kwenye kibanda cha video, na mama anafua, anapika, anaosha vyombo mpaka usiku. Kwake Jumamosi ni siku ya kazi nzito kuliko zote. Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa akiwahudumia watu wake, na swala ikifika hutoka kwenda kuswali. Tena Salman (r.a.) alipomkuta Abu Dardaa amezama katika ibada hata mkewe amesahauliwa, alimkumbusha kuwa Mola wake, nafsi yake na ahali yake, wote wana haki juu yake. Mtume akasema Salman amesema kweli. Ikiwa swala ya sunna haikuwa udhuru wa kumsahau mke, mpira utakuwaje udhuru?

Basi ndugu yangu, Jumamosi ijayo beba ndoo au fua nguo zako kabla hujaenda barazani. Mpe mama watoto naye saa yake ya kukaa na wenzake. Watembelee marafiki, cheza, tazama, cheka, na adhana ikikuita, itika. Pumziko la namna hiyo hutakuwa na haja ya kulitetea mbele ya yeyote, hata mbele ya Mola wako.

Wabillahi tawfiq.