FLASHI IMEGOMA KUFUNGUKA: TUIOKOE AMANA KWANZA



 

 Somo letu safari hii linahusu kile kidude kidogo kinachoning'inia kwenye funguo na kusahauliwa mfukoni mwa kanzu, yaani flashi. Tumeona tuliandike kwa sababu katika nyumba nyingi za Kondoa sauti za wazee wetu zimo humo. Kuna darsa za Ramadhani, maulidi, mawaidha ya harusi, qaswida za wanafunzi, hata orodha ya waliochangia bati za msikiti. Flashi moja hutoka kwenye kompyuta ya steshenari ikaingia kwenye sabufa ya sebuleni, kisha ikapanda gari la mjomba mpaka Babati na kurudi. Siku ikigoma, mwenyewe hukimbilia kwa kijana wa kwanza anayejua kompyuta kidogo, na kijana huyo huifomati. Flashi inapona, na vilivyokuwamo vinaondoka.

Kijana huyo ametibu chombo akaiacha amana. Flashi mpya hupatikana dukani, lakini sauti ya sheikh aliyefariki haiuzwi duka lolote. Kwa hiyo kabla hujauliza itaponaje, uliza kuna nini ndani na kama nakala yake ipo mahali pengine. Nakala ikiwapo, fanya utakavyo. Isipokuwapo, usiandike chochote juu ya flashi hiyo mpaka vilivyomo vimetolewa.

Inahifadhi vipi?

Ndani ya flashi mna kipande cha silikoni chenye vyumba vidogo mno visivyoonekana kwa jicho. Kila chumba hubakiza chaji kidogo ya umeme hata baada ya kuchomolewa. Kumbukumbu ya namna hii ilibuniwa na mhandisi Mjapani, Fujio Masuoka, akiwa kampuni ya Toshiba katika miaka ya 1980. Flashi za USB zenyewe zilianza kuuzwa mwaka 2000, na miongoni mwa za kwanza ilikuwapo ya MB 8, ambazo kwa MP3 ya kawaida ni kama dakika nane za sauti. Khutba ya Ijumaa isingeenea!

Jambo la kulishika hapa ni kwamba flashi ina sehemu mbili kama kitabu: kurasa zenye maneno na fahirisi inayoonyesha kila mlango unaanzia ukurasa gani. Kompyuta husoma fahirisi kwanza. Fahirisi ikichanika, kompyuta husema haioni kitu, au hudai flashi ifomatiwe, ilhali kurasa zote zipo. Flashi nyingi zinazoitwa zimekufa zimechanika fahirisi tu, kwa sababu zilichomolewa wakati bado zinaandikwa, au umeme ulikatika katikati ya kunakili. Ukifuta faili vilevile, jina ndilo linalotoka kwenye fahirisi. Maneno hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake.

Nani mgonjwa?

Anza na yasiyogharimu kitu. Jaribu tundu jingine la USB, kisha kompyuta nyingine. Kwa kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma, maana ya mbele mara nyingi yana waya uliolegea. Angalia vumbi. Barabara kuu ina lami siku hizi, lakini mitaa yetu na kiangazi chetu mnavijua, na tundu lililojaa vumbi haligusani vizuri na flashi. Safisha kwa brashi kavu na laini, wala usipulize kwa mdomo, kwani mate ni maji. Flashi iliyofuliwa pamoja na kanzu isichomekwe siku hiyo. Iachwe kivulini siku kadhaa ikauke kabisa, maana umeme ukikuta maji ndani ndipo inapoungua. Ikichomekwa ikapata moto mkali mara moja, ichomoe.

Wakati mwingine flashi ni nzima na mgeni ndiye asiyeijua lugha. Sabufa nyingi husoma mpango unaoitwa FAT32 tu. Flashi iliyofomatiwa kwa NTFS itafunguka vizuri kwenye kompyuta, nayo sabufa ikasema hakuna kitu. Na FAT32 ina mpaka wake: faili moja haliwezi kufika GB 4. Ndiyo maana video ndefu ya maulidi hukataa kuingia hata kama nafasi imejaa tele. Wengi hudhani flashi ni mbovu wakati dawa ni kuikata video vipande viwili.

Kompyuta ikitoa mlio kwamba imeipokea lakini flashi haionekani, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, kisha tazama orodha. Ikiwa imo bila herufi, ipe herufi kama F au G, itafunguka. Ikionyesha kuwa haina ujazo wowote, basi ubongo wake umeharibika na hapa nyumbani hatuna la kuifanya.

Kompyuta ikidai ifomatiwe, jibu ni hapana. Programu ya bure iitwayo PhotoRec hupita ukurasa kwa ukurasa bila kuitegemea fahirisi, ikatoa picha, sauti na maandishi. Sharti lake ni kwamba vitakavyotolewa vihifadhiwe kwenye kompyuta, visirudishwe kwenye flashi ileile, maana utakuwa unaandika juu ya unachokitafuta. Wapo wanaokimbilia amri ya chkdsk. Ni amri nzuri, lakini inatengeneza kwa kuandika, kwa hiyo zamu yake ni baada ya kuokoa.

Mwaka jana familia moja ilituletea flashi yenye darsa za marehemu baba yao. Duka moja lilikuwa limekwisha kuifomati. Alhamdulillah, ilikuwa fomati ya haraka, ile inayofuta fahirisi tu, na hakuna aliyeongeza kitu baada ya hapo. Fomati kamili ya Windows, tangu ile ya Vista, huandika sifuri kila mahali na hairudishi chochote. PhotoRec ikatoa darsa nyingi, lakini bila majina, kwa sababu majina hukaa kwenye fahirisi. Ikabidi watoto wake wakae kusikiliza moja baada ya nyingine ili wajue hii ni Suratul Kahf, hii ni mlango wa twahara. Mmoja wao alituambia hakuwahi kumsikiliza baba yake kwa utulivu kiasi hicho alipokuwa hai.

Mafaili yamegeuka njia ya mkato

Ugonjwa huu umewatesa watu wengi. Unafungua flashi, mafolda yote yana kishale kidogo, au hayapo kabisa, na bado nafasi inaonyesha imetumika. Hivyo ni virusi vilivyoyaficha mafolda yako na kuweka vishale vya uongo mahali pake. Ukibonyeza kishale unaviruhusu viingie kwenye kompyuta, na flashi ya mwenzako inayofuata huambukizwa. Hii si mara ya kwanza: mwaka 2008 virusi vilivyoitwa Conficker vilienea duniani, na flashi ilikuwa njia yao mojawapo.

Usibonyeze kishale. Ikague flashi kwanza kwa programu ya kinga iliyosasishwa. Kisha bonyeza Windows na R, andika cmd, na kwenye dirisha jeusi andika hivi, ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Subiri imalize. Mafolda yatarudi kuonekana. Yanakili kwenye kompyuta safi, futa vishale, na hapo sasa fomati ukipenda.

Flashi ya GB 64 iliyo na 8

Kwanza tuwatoe wasiwasi: flashi halali ya GB 64 itasomeka karibu 59.6 kwenye Windows, na ya 8 karibu 7.45. Huo si wizi, ni tofauti ya kuhesabu, kwani kiwandani GB ni milioni elfu moja na Windows huihesabu kubwa zaidi. Wizi ni ile flashi ambayo ubongo wake umefundishwa kusema 64 na ndani mna nafasi ya 8. Mafaili ya mwanzo huingia salama. Yakizidi, majina yanaonekana lakini hayafunguki, au yanayakanyaga yaliyotangulia. Mwenyewe hudhani imeharibika, kumbe haikuwahi kuwa nzima.

Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka kilicholoa juu watu wakione, kisha akajitenga na mwenye kughushi. Flashi ya namna hii ni rundo lilelile, kavu juu na bichi chini. Na kipimo ni kilekile, kuingiza mkono mpaka chini: programu ya H2testw huijaza flashi yote kisha huisoma tena, ikakwambia ukweli ni kiasi gani. Ifanyie ikiwa mpya na tupu, kabla haijabeba kitu. Nawe mfanyabiashara uliyeletewa mzigo kwa bei ya ajabu, pima moja kabla hujauza, na Suratul Mutaffifin usiisome kwa ajili ya wauza mahindi tu.

Adabu ya anayetengeneza

Ukipewa flashi ya mtu kuiokoa, umepewa ufunguo wa nyumba yake. Kuona jina la faili na kujua linafunguka kunatosha. Kupitia picha za familia moja moja ni upelelezi, na Suratul Hujuraat aya ya 12 imetukataza. Ukimaliza, mkabidhi mwenyewe, na nakala iliyobaki kwenye kompyuta yako uifute mbele yake. Na flashi iliyokufa kabisa ivunje kabla ya kuitupa, kwa sababu fundi mwenye vifaa anaweza kuisoma.

Nakala ngapi?

Baada ya vita vya Yamama, ambamo mahafidhi wengi waliuawa, Umar (R.A.) alimshauri Abu Bakr (R.A.) Qur'an ikusanywe, na kazi akapewa Zayd bin Thabit (R.A.). Zayd mwenyewe alikuwa hafidhi, na bado hakutosheka na kifua chake. Alikusanya kutoka makuti ya mitende, mawe bapa, na vifua vya watu. Baadaye Uthman (R.A.) akaamuru nakala ziandikwe na zipelekwe miji mbalimbali. Hatulinganishi flashi na msahafu, hasha. Tunatazama utaratibu wa watu waliojua thamani ya walichobeba: hawakukiacha mahali pamoja wala kwa njia moja.

Kwetu nakala tatu zinatosha: moja kwenye kompyuta, moja kwenye flashi au diski inayokaa nyumba nyingine, na moja kwenye hifadhi ya intaneti pale kifurushi kinaporuhusu. Flashi isiwe kabati la miaka kumi, kwani chaji ya vile vyumba huvuja polepole, na kila chumba kina idadi ya kuandikwa kisha huchoka. Ifungueni angalau mara moja kwa mwaka, kwa mfano Shaaban, kabla ya pilikapilika za Ramadhani. Ikianza kukataa kuandikwa huku inasomeka, huenda imechoka, kwa hiyo toeni vilivyomo siku hiyohiyo. Andikeni jina la mwenyewe kwa kalamu isiyofutika. Na kabla ya kuchomoa, iambieni kompyuta iitoe, kisha subirini ikubali.

Zoezi la nyumbani: tafuta flashi zote zilizomo nyumbani kwenu, hata iliyo kwenye sabufa. Mbele ya mzazi, andika kwenye daftari kila moja ina nini na nakala yake iko wapi. Ambayo haina nakala, ilete madrasa Jumamosi pamoja na daftari.