Dondoo muhimu: Mbwa mchungaji akiwa mkali, mpe kazi

Mbwa wa ng'ombe wa Australia alizalishwa karne ya 19 kwa kuchanganya dingo na mbwa wachungaji, ili aswage ng'ombe kwa kuwang'ata visigino. Akikosa kazi, huwageukia watoto wanaokimbia na baiskeli.

• Mpe mpira mkubwa asioweza kuung'ata, ausukume kwa pua uwanjani.
• Mfundishe "lala" na "acha". Akitii, zawadi yake ni kurudi kwenye mpira.
• Akiinamisha kichwa na kukodoa macho, mwite kabla hajachomoka.
• Usimpige, kipigo huzidisha hofu, na mbwa mwenye hofu huuma.
• Akishamuuma mtu, mpeleke kwa daktari wa mifugo: huenda ana maumivu.