Kutoka Gazetini hadi Bungeni: Stanley na Mtemi Mirambo

Mwanafunzi wa Tabora atembeapo mpaka Kwihara huonyeshwa tembe la Dr. Livingstone. Lakini kabla ya Livingstone alikaa humo, mwaka 1871, mwandishi wa gazeti la Marekani, ambaye baadaye aliingia katika Bunge la Uingereza. Huyo ni Henry Morton Stanley.

Alizaliwa Wales mwaka 1841, akaitwa John Rowlands, akalelewa katika nyumba ya maskini. Ujanani alivuka bahari kwenda Marekani. Huko akapata jina jipya, na baadaye kazi ya uandishi. Gazeti la New York Herald likamtuma kumtafuta Livingstone. Aliondoka Bagamoyo na wapagazi wake mwezi wa Machi 1871, akafika Tabora mwezi wa Juni.

Haukupita muda mrefu, Mtemi Mirambo wa Urambo akaifunga njia ya Ujiji, kwa kuwa aligombana na Waarabu juu ya hongo na biashara. Stanley akajiunga na Waarabu vitani, wakashindwa; mwezi wa Agosti watu wa Mirambo wakaiingia Tabora na kuichoma moto. Basi Stanley akazunguka kwa kusini, akamkuta Livingstone Ujiji. Katika kitabu chake cha mwaka 1872 alimwita Mirambo mnyang'anyi.

Sasa tazama jambo hili. Mwezi wa Aprili 1876 Stanley alikutana na Mirambo uso kwa uso. Akamwona kuwa mtu mpole, mwenye adabu na sauti ya taratibu, wakachanjiana udugu. Hayo nayo aliyaandika.

Je, Mirambo aligeuka? La. Hapo kwanza Stanley alikuwa amesikia habari zake kwa adui zake tu, naye Mirambo hakuwa na gazeti la kujibu.

Sifa za kalamu zilimfikisha Stanley mbali. Tangu 1879 alimtumikia Mfalme Leopold wa Ubelgiji huko Kongo, na mapatano aliyofanya na machifu yalisaidia kuwapokonya nchi yao. Toka 1895 hadi 1900 alikuwa mbunge wa Lambeth, London. Alikufa 1904, Mirambo alikwisha kufa 1884.

Maswali

1. Kwa nini habari za Mirambo za 1872 na za 1876 hazikulingana?
2. Mabweni mawili yamegombana, nawe umepewa kazi ya kuiandikia shule habari hiyo. Utawauliza akina nani kabla ya kushika kalamu?