Maziwa ya Mtoto: Kupima Manufaa na Madhara

Somo letu ni juu ya chakula cha kwanza cha mwanadamu. Mjini Garissa na katika nchi yote ya kaskazini mashariki ya Kenya, mtoto mchanga hupewa maziwa ya namna tatu: ya mama, ya mnyama, na ya unga wa mkebe. Wengi hudhani ni sawasawa, nasi wa pwani tusijitoe. Dhana hiyo ina hatari, kwani anayedhurika ni yule asiyeweza kusema.

Ama maziwa ya mama, hayo ndiyo asili. Dang'a, maziwa mazito ya siku za kwanza ambayo baadhi ya watu huyamwaga, ni kinga ya maradhi. Shirika la Afya Ulimwenguni lashauri mtoto anyonyeshwe tu, bila hata maji, kwa miezi 6; kisha apewe chakula huku akinyonya hata miaka 2 au zaidi. Wala joto la Garissa si hoja ya kumpa maji, kwani sehemu kubwa ya maziwa ya mama ni maji.

Ama maziwa ya ngamia, ni mema kwa mtu mzima. Lakini protini na chumvi zake ni nyingi mno kwa figo za mtoto mchanga. Tena yakinywewa mabichi huweza kuleta bruselosi.

Ama mkebe, una manufaa kwa aliyefiwa na mama, au ambaye mamake amekatazwa na daktari kunyonyesha. Lakini wataka maji yaliyochemka, chombo safi na kipimo kamili. Palipo na maji ya mtoni yasiyochemshwa, chupa huleta kuharisha. Na azidishaye maji ili mkebe udumu humwacha mtoto na njaa akidhani amemshibisha. Ndiyo maana sheria ya Kenya ya mwaka 2012 ikakataza kuutangaza kwa watu badala ya maziwa ya mama.

Aya ya 233 ya Suratul Baqarah imetaja miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza, na kuachisha kabla yake kwa kuridhiana na kushauriana wazazi wawili. Tena imemwekea baba chakula na mavazi ya mama kwa wema. Basi jambo hili si la mama peke yake. Asemaye maziwa ya mkewe hayatoshi, na ajue kuwa maziwa huzidi kwa kunyonyesha mara nyingi, na hupungua chupa ikishika mahali pake. Ampunguzie kazi, na fedha za mkebe azitumie kumlisha. Maziwa ya ngamia na yachemshwe, anywe mama. Mtoto atapata fungu lake kwake.

Wabillahi tawfiq.