AFYA YETU: UNENE HUANZIA WAPI?

Huenda umeona jambo hili kijijini kwako. Watu wawili wanalima pamoja na kula chungu kimoja. Mmoja hunenepa, mwingine ni mwembamba siku zote. Watu husema yule mnene ni mlafi. Je, ni kweli?

Mtu hunenepa akila chakula kinachozidi mahitaji ya mwili wake. Lakini miili haifanani. Kila mtu amerithi vinasaba kutoka kwa baba na mama. Vinasaba ni kama maagizo madogo sana yaliyomo mwilini. Baadhi huongeza au hupunguza hamu ya kula.

Mwaka 1990 wataalamu walieleza habari za mapacha wa kufanana wa Uswidi. Baadhi yao walilelewa mbalimbali, kila mmoja katika nyumba yake. Hata hivyo, walifanana sana kwa unene. Kumbe urithi una nguvu.

Lakini urithi hautendi kazi peke yake. Fikiri taa ya chemli. Ukipandisha utambi, mwanga huongezeka. Ukiushusha, mwanga hupungua. Taa ni ile ile. Vinasaba navyo vina alama ndogo zinazoongeza au kupunguza nguvu yake. Lishe inaweza kubadili alama hizo, hasa mtoto akiwa tumboni.

Tazama yaliyotokea Uholanzi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Majeshi ya Ujerumani yalizuia chakula kufika magharibi ya nchi. Njaa ilianza mwishoni mwa 1944, ikaisha Mei 1945. Watu kama 20,000 walikufa. Akina mama wengi walikuwa wajawazito.

Watoto wa kiume waliozaliwa wakati huo walipimwa walipofika miaka 19. Wale ambao mama zao walipata njaa katika nusu ya kwanza ya mimba, wengi zaidi walikuwa wanene kupita kiasi kuliko wenzao. Mwaka 2008, miaka 60 hivi baada ya njaa, wataalamu walikuta alama za kinasaba kimoja cha ukuaji bado zimebadilika kwa watu waliotungwa mimba wakati wa njaa.

Basi, je, aliyerithi unene akate tamaa? Hapana. Watu wa Ulaya waliorithi aina moja ya kinasaba cha unene kwa baba na kwa mama huwa na kilo 3 hivi zaidi. Lakini kwa wale wanaofanya kazi za mwili au mazoezi, nguvu ya kinasaba hicho hupungua.

Tufanye nini?

1. Mama mjamzito asile mwisho, wala asile makombo. Ale ugali, maharage, dagaa, mboga za majani na matunda. Ahudhurie kliniki mapema.
2. Kama katika ukoo wenu kuna wanene wengi, punguzeni sukari na mafuta. Pimeni kisukari na shinikizo la damu.
3. Tusimcheke mtu mnene. Tumsaidie.

Baba, chakula unachomwekea mkeo leo kinaweza kulinda afya ya mwanao hata uzeeni.

Maswali ya kujadili
1. Vinasaba ni nini?
2. Njaa ya Uholanzi inatufundisha nini?
3. Nyumbani kwako, nani hula mwisho? Kwa nini?