BINTI ALIYEOLEWA ILI VITA IISHE

Kijana mpendwa uliyepokea karatasi hii hapa uwanjani, labda umefuata vyombo vya muziki tu, au umemsindikiza rafiki. Hakuna neno. Kaa chini dakika chache usome habari za binti mmoja wa mfalme. Jina lake Athalia. Biblia inamtaja katika 2 Wafalme sura ya 8 na ya 11, na 2 Nyakati sura ya 21 mpaka 23. Ukipata Biblia kwa jirani, hakikisha mwenyewe.

NDUGU WALIOFARAKANA

Mfalme Sulemani alipokufa, yapata mwaka 930 kabla ya Kristo, nchi yake ilipasuka vipande viwili. Makabila kumi ya kaskazini yakajiwekea mfalme, wakaitwa Israeli, na baadaye mji wao mkuu ukawa Samaria. Kusini ikabaki Yuda, mji wake Yerusalemu, penye hekalu la Mungu na kiti cha ukoo wa Daudi. Hawa walikuwa ndugu, babu yao mmoja Yakobo, lakini walipigana mfalme hata mfalme. Ikafika mahali Baasha wa kaskazini akaanza kujenga ngome pale Rama ili kuwafungia njia watu wa Yuda. Asa mfalme wa Yuda naye akakomba fedha na dhahabu ya hekaluni, akampelekea mfalme wa Shamu aje awapige wale wa kaskazini. Umeona? Ndugu anakodi mgeni ampige ndugu yake, tena kwa mali ya Mungu.

Mtoto wa Asa aliitwa Yehoshafati. Huyu alikuwa mtu mwema. Alituma walimu na kitabu cha sheria ya Mungu wazunguke miji yote ya Yuda kuwafundisha watu. Alikuwa na mali na heshima tele. Lakini alitaka vita ile ya ndugu iishe, akaona njia fupi. Kaskazini alitawala Ahabu, mwenye jeshi kubwa na magari ya farasi. Mke wake Yezebeli naye alikuwa binti wa mfalme, baba yake Ethbaali wa Sidoni. Yezebeli alipokuja kuolewa hakuja peke yake, alikuja na mungu wake Baali. Manabii mia nne wa Ashera walikuwa wanakula mezani kwake, na wa Baali walikuwa mia nne na hamsini. Basi Yehoshafati, mtu wa Mungu, akaenda kutafuta mkwe katika nyumba hiyo. Mwanawe Yehoramu akamwoa Athalia, binti Ahabu.

Sasa hapa nisimame kidogo. Wahubiri wengi wakifika kwa Athalia wanampiga mawe tu. Mimi sidhani kama binti yule aliulizwa. Wazee wawili wenye taji walikaa wakapatana, binti akatolewa kama vile watu wanavyotia muhuri kwenye karatasi. Akatoka kwao Samaria akaingia Yerusalemu, katikati ya watu ambao baba zao na baba zake waliuana. Namwonea huruma. Na wewe msichana unayesoma hapa, kama kuna watu wanapanga mambo yako bila kukuuliza, wanahesabu ng'ombe na wewe uko jikoni, ujue Mungu anaona mpaka jikoni.

AMANI ILIKUJA, NA BEI YAKE

Nisiseme uongo, amani ilipatikana. Israeli na Yuda waliacha kupigana. Yehoshafati akaenda hata kumsaidia Ahabu vitani kule Ramoth-Gileadi. Huko Ahabu akachomwa mshale akafa, na Yehoshafati mwenyewe nusura auawe kwa sababu maadui walidhani yeye ndiye mfalme wa Israeli. Aliporudi nyumbani, nabii akamkemea usoni kwa kushirikiana na wanaomchukia Mungu. Lakini harusi ilikuwa imeshafanyika.

Yehoshafati akafa, Yehoramu akatawala. Kitu cha kwanza, akawaua ndugu zake wote kwa upanga, watoto wa baba yake mwenyewe. Biblia inasema wazi sababu ya mwenendo wake: alikuwa amemwoa binti Ahabu. Jamani! Ndoa iliyofungwa ili ndugu wasiuane ikazaa mtu anayeua ndugu zake ndani ya nyumba. Akatawala miaka minane. Edomu wakaasi, Wafilisti na Waarabu wakaingia wakateka mali, wake na wana wake, akabaki mtoto mdogo mmoja tu. Mwisho akafa kwa ugonjwa mbaya wa tumbo, wala hakuna aliyemsikitikia.

Mtoto yule, Ahazia, akatawala mwaka mmoja tu. Mshauri wake alikuwa mama yake, naye alimshauri maovu. Ahazia akaenda kumtembelea mjomba wake, mfalme wa Israeli, kule Yezreeli, na siku hiyo hiyo Yehu akaiangukia nyumba ya Ahabu. Mjomba akauawa, Ahazia akauawa, na bibi kizee Yezebeli akatupwa dirishani.

Habari zikafika Yerusalemu. Mwanangu amekufa. Nyumba ya baba yangu imekwisha. Mama mwingine angelia, angewakumbatia wajukuu wake. Athalia aliinuka akaamuru uzao wote wa kifalme uuawe. Ni watoto wa mwanawe hao! Kisha akakalia kiti cha Daudi yeye mwenyewe, akatawala miaka sita, karibu mwaka 841 mpaka 835 kabla ya Kristo. Kuhani wa Baali, jina lake Matani, alifanya kazi yake Yerusalemu, na vitu vilivyowekwa wakfu katika nyumba ya Mungu vikapewa Mabaali.

Rafiki yangu, hapa ndipo nilipotaka ufike. Kwamba hakuulizwa alipoolewa, ni kweli. Lakini siku ile ya wajukuu hakuna aliyemlazimisha. Yaliyofanywa na baba yake hayakuwa dhambi yake. Ya siku ile yalikuwa yake.

Na mimi nasema hili kwa sababu linanihusu. Nilipokuwa mchanga nilifungwa hirizi kiunoni, nikachanjwa chale, kwa sababu wazee waliogopa maadui wa ukoo. Sikuulizwa. Walinipenda, hawakunichukia. Lakini nilipokuwa kijana mkubwa nikapata shida kazini, nilikwenda mwenyewe, kwa miguu yangu na hela yangu, nikaomba nyingine kubwa zaidi. Hiyo siwezi kumsingizia bibi.

MWANAMKE WA PILI KATIKA NYUMBA ILE

Ndani ya jumba lile alikuwemo mwanamke mwingine, Yehosheba. Alikuwa binti wa mfalme Yehoramu, ndugu yake Ahazia, na mume wake ni kuhani Yehoyada. Yaani alikulia katika nyumba ile ile, akiiona damu ile ile. Siku watoto wanachinjwa, akaingia akaiba kitoto kimoja, Yoashi, pamoja na mlezi wake. Akawaficha katika chumba cha vitanda, halafu ndani ya nyumba ya Mungu. Miaka sita! Hebu fikiri: kumficha mtoto anayelia, anayecheka, anayeanza kukimbia, na bibi yake muuaji anakaa jirani tu. Kama angegundulika, wangekufa wote.

Mungu alikuwa amemwahidi Daudi kwamba taa ya nyumba yake haitazimika. Siku zile taa hiyo ilikuwa mtoto mmoja anayenyonya. Watu wengine husema habari za Daudi ni hadithi tu. Mwaka 1993, pale Tel Dan kaskazini ya Israeli, wachimbaji wa mambo ya kale walipata jiwe lenye maandishi ya Kiaramu, yaliyoandikwa upande wa adui zao Washamu, na limetaja Nyumba ya Daudi. Adui mwenyewe anashuhudia!

Mwaka wa saba Yehoyada akawaita maakida, akawapa mikuki na ngao za Daudi zilizokuwa hekaluni, akamtoa mtoto, akamvika taji. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Athalia akasikia kelele, akaja mbio. Akamwona mtoto amesimama penye nguzo, akararua nguo zake akilia kwamba amesalitiwa. Wakamtoa nje ya hekalu, wakamwua penye njia ya farasi. Nyumba ya Baali ikabomolewa na Matani akauawa mbele ya madhabahu zake.

Sasa fungua Mathayo sura ya 1, ule ukoo wa Yesu ambao watu huuruka kwa kuona majina mengi. Utamkuta Yehoshafati, utamkuta Yoramu, ndiye Yehoramu, halafu anakuja Uzia. Mathayo amewaruka Ahazia, Yoashi na Amazia, lakini Uzia ni kitukuu wa Ahazia kupitia kwa Yoashi yule aliyefichwa. Kwa hiyo damu ya Athalia imo katika ukoo huo wa Yosefu mumewe Mariamu. Mungu hakuuona ukoo umechafuka akautupa. Alimtuma Mwanawe azaliwe humo humo.

WEWE JE?

Labda kwenu kuna tambiko, na jina lako limetajwa huko. Labda umejifunga mwenyewe: mzee mwenye gari anakulipia chumba na wewe unajua ana mke, au umeenda kwa mganga upate kazi, au umeingia kundi ambalo kutoka ni kisu. Kila mmoja wenu alisema anatafuta amani kidogo, kama Yehoshafati. Nakuuliza, umeipata? Na leo wanakuagiza ufanye nini ambacho mwanzoni hukukitarajia?

Tena usidhani nakuita uhamie dini. Yoashi alilelewa hekaluni, akalitengeneza hekalu, na bado kuhani Yehoyada alipokufa alimwacha Mungu, akaagiza mtoto wa Yehoyada apigwe mawe. Kufichwa kanisani na kuokoka ni vitu viwili tofauti. Nakuita kwa Yesu mwenyewe, aliyemwaga damu yake pale msalabani ili agano la damu nyingine lisikudai tena.

Kama uko tayari, sema naye hivi, kwa sauti au kimya:

Bwana Yesu, nimekuja kama nilivyo. Waliyoyafunga wazazi wangu juu yangu unayajua. Niliyoyafunga mwenyewe unayajua zaidi. Nimekosa, nisamehe. Naikataa hirizi, naukataa mkataba wa giza, naikataa dhambi niliyoificha. Nifungue kwa damu yako. Kuanzia leo mimi ni wako. Amina.

Ukishaomba usiondoke kimya kimya. Njoo mbele ya jukwaa, wahudumu wapo, dada kwa dada na kaka kwa kaka. Kama una kitu umekivaa mwilini, njoo nacho hivyo hivyo, tutakivua kwa maombi na kukichoma pamoja.