SABABU WALIYOITAJA NA SABABU WALIYOIFICHA

Somo la mwezi wa Aprili
Tusome kwanza: Matendo 16:16-24, Matendo 19:23-28, Yohana 11:47-53



Tangu mwaka 2023, tarehe 6 Aprili ni siku ya mapumziko katika inchi yetu nzima, kwa ukumbusho wa Papa Simon Kimbangu. Kijana mmoja wa kwaya aliniuliza: "Baba shemasi, Wabelgiji walikuwa wanahubiri Yesu. Kimbangu naye alihubiri Yesu. Basi walimfunga kwa nini?" Swali hili linastahili somo zima.

Tuanze na Biblia. Kule Filipi, Paulo alimponya kijakazi mwenye pepo wa uaguzi. Mabwana zake waliona faida yao imekwisha. Lakini walipofika mbele ya wakubwa hawakutaja feza hata kidogo. Walisema kwamba watu hawa wanachafua mji na kuleta desturi za kigeni. Luka anatuonyesha mambo mawili: mashitaka yanayosemwa mbele ya watu, na sababu inayokaa moyoni. Tushike jambo hilo, ndipo tutaelewa mwaka 1921.

1. Mambo yaliyotokea

Simon Kimbangu alikuwa mkristo wa misioni ya Wabatisti, alibatizwa mwaka 1915. Tarehe 6 Aprili 1921 alianza kazi ya kuhubiri na kuponya wagonjwa. Watu wengi sana walimiminika Nkamba, kijiji chake. Aliwafundisha kutupa hirizi na sanamu, kuacha ngoma mbaya, na kuoa mke mmoja. Angalieni vizuri: hayo ndiyo mambo ambayo wamisionari walikuwa wakiyafundisha miaka mingi. Kama shida ingekuwa dini peke yake, wangefurahi.

2. Sababu zilizofichwa

Ya kwanza ni wivu. Wakatekumeni waliacha misioni wakaenda Nkamba. Misioni ya Wakatoliki ilikuwa na mapatano na serikali tangu mwaka 1906, nayo ilipewa mashamba na kazi ya shule. Kumpoteza mkristo kulikuwa kupoteza nguvu. Administrata Léon Morel alipowaita wamisionari Thysville (leo Mbanza-Ngungu) kutafuta shauri, mapadri walitaka serikali ikate jambo hilo upesi. Waprotestanti walishauri uvumilivu. Tusiseme basi kwamba wazungu wote walikuwa na moyo mmoja. Kisha hukumu, wamisionari Waprotestanti walimwomba mfalme amhurumie Kimbangu, hata wale ambao hawakukubali yote ya Nkamba.

Ya pili ni faida. Watumishi waliacha kazi, wagonjwa walitoka hospitali, na reli ya Matadi mpaka Léopoldville ilijaa watu wanaokwenda kwa nabii. Reli hiyo ilikuwa koo la koloni: mali iliyotoka ndani ya inchi ilipita pale kufika bahari. Wafanyabiashara walilia kwa serikali wakitaka azabu kali. Ni kilio kile cha Demetrio mfua feza kule Efeso.

Ya tatu ni woga. Bula Matari alizoea kuona mtu mweusi akikusanya watu kwa amri ya mzungu tu. Sasa maelfu walikusanyika bila amri yake. Tena habari za Marcus Garvey zilikuwa zimefika, na serikali iliogopa kwamba maombi yatageuka kuwa maasi. Ni mawazo yale ya wakubwa wa Yerusalema: tukimwacha, tutapoteza mahali petu.

Ya ine ni heshima ya mtu. Morel alifika Nkamba mwezi wa Mei. Watu hawakumtetemekea, waliimba nyimbo, naye Kimbangu alisoma habari ya Daudi na Goliati. Bwana mkubwa alijiona amezarauliwa. Tarehe 6 Juni alirudi na askari. Bunduki zililia, kijiji kikanyanganywa mali, lakini Kimbangu aliponyoka. Mwezi wa Septemba alijitoa mwenyewe mikononi mwao.

3. Kwa nini walificha?

Kwa sababu sheria yao wenyewe iliwashitaki. Mapatano ya Berlin ya mwaka 1885 na sheria ya koloni ya mwaka 1908 yaliahidi uhuru wa dini. Hawakuweza kuandika kwamba mtu anafungwa kwa kuomba Mungu. Wakaandika: usalama wa serikali, na chuki kwa wazungu. Baraza la vita likamhukumu bila avoka. Tarehe 3 Oktoba 1921 alikatiwa viboko 120 na kufa. Mfalme Albert aligeuza kifo kuwa kifungo cha maisha. Akaletwa hapa Katanga, gereza la Élisabethville, akafia ndani tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30! Waamini wengi nao walihamishwa mbali na kwao, lakini walikokwenda walikwenda na imani yao.

Uongo una miguu mifupi. Tarehe 24 Desemba 1959 serikali ya Wabelgiji ilitambua kanisa lake. Mwaka 2011 Korti Kuu ya Kijeshi ya Kinshasa ilifuta ile hukumu.

4. Na sisi je?

Ni rahisi kumhukumu Morel, amekwisha kufa. Nami nina jambo la kuungama. Miaka iliyopita ndugu mmoja mwenye kipawa alianzisha maombi ya usiku katika mtaa wetu. Mimi nilikwenda kwa wazee nikasema anagawanya kundi. Akasimamishwa. Lakini moyoni nilijua: watu wa kikundi changu walikwenda kwake, na sahani ya matoleo kwangu ilikuwa nyepesi. Nilitaja sababu moja, nikaficha nyingine. Nilimwomba msamaha, akanipa, lakini hakurudi tena kuomba nasi. Hilo linaniuma hata leo.

Ndugu, manabii wa uongo wako, na kanisa lina haki ya kupima roho. Lakini kabla ya kupima roho ya mwingine, tupime sababu yetu.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Katika Matendo 16, mabwana wa kijakazi walitaja nini, na walificha nini?
2. Kati ya wivu, faida, woga na heshima, ni kipi kinachoingia upesi katika parokia yetu?
3. Kuna mtu tuliyemfukuza kwa sababu tusiyoweza kuisema mbele ya Mungu? Nani atakwenda kwake?

Bwana atujalie moyo safi. Amina.